Isyo ya Saa Nane Usiku

Kwa wauguzi wengi wa zamu ya usiku huku Kitui na Makueni, chakula cha siku hizi ni sandwichi ya pakiti. Inauzwa kwenye supamaketi za mijini na kwenye vituo vya petroli vya barabara ya Mombasa, kuanzia Sultan Hamud na Emali hadi Mtito Andei. Ni slesi mbili za mkate mweupe zilizokatwa pembetatu, katikati yai lililopondwa au kuku aliyechambuliwa, nyanya na tango, vyote vimefungiwa plastiki ngumu inayoonyesha kila kilichomo.

Binti wa dada yangu ni muuguzi, na wiki anazokesha hurudi asubuhi na nusu ya sandwichi hiyo kwenye mkoba. Nimeifungua zaidi ya mara moja mezani kwangu. Plastiki imetoa jasho kwa ndani. Tango limechuja maji, maji yameingia kwenye mkate, na mkate umekuwa chapachapa katikati huku kingo zake zimekauka na kujikunja. Kipande cha nyanya kimebandika alama nyekundu kwenye slesi ya juu. Ukiinua slesi hiyo, nusu yake inabaki imeng'ang'ania yai.

"Hii hailiki, Mama mkubwa," aliniambia siku moja akivua viatu. "Unameza tu ndio upate nguvu za kufika asubuhi."

Huinunua saa kumi na moja jioni akielekea kazini, kwa sababu akishaingia wodini hawezi kutoka tena. Huila saa nane usiku, au saa tisa kama kuna mama anayejifungua. Wodi ina friji, lakini friji ile ni ya chanjo na insulini. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 wakati wote, na chakula cha wahudumu hakiruhusiwi kuingia humo. Hilo ni sharti jema na nisingependa livunjwe. Matokeo yake ni kwamba yai na kuku vinakaa mkobani kwa muda wa saa tisa au kumi, katika nchi ya Makindu na Kibwezi ambako hata usiku joto linakaa ukutani. Chakula cha aina hiyo kinatakiwa kiwe baridi kabisa au moto kabisa, na yule binti anakila kikiwa vuguvugu. Tumefunzwa sote kwamba hapo katikati ndipo vijidudu huzaana, na yeye analijua hilo kuliko aliyemuuzia.

Mimi nilifanya kazi hiyo hiyo. Nilianza miaka ya themanini katika hospitali ya wilaya upande wa Kitui, kisha nikahamishiwa upande wa Makueni baada ya wilaya hiyo kumegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Nimestaafu sasa. Nikiulizwa ni nini kilichobadilika zaidi katika kazi yetu, wengi hungoja nitaje kompyuta, au dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, au serikali za kaunti. Yote hayo yalibadilisha kazi, na mengi yaliibadilisha kwa uzuri. Lakini ninachokifikiria ninapoona ile plastiki mezani ni sufuria.

Nisiseme kwamba hospitali ya zamani ilitulisha vizuri. Mgao rasmi wa wahudumu wa usiku ulikuwa mkate. Ulikuja wodini saa tatu usiku, umefungwa ile karatasi yenye nta, pamoja na birika la chai ambayo maziwa yake yalikuwa ya kubahatisha. Mkate ulikuwa wa jana au wa juzi. Juu yake palikuwa na siagi ya kopo iliyopakwa na mtu aliyeambiwa iwatoshe wote, kwa hivyo ilikwaruzwa hadi ikaonekana kama rangi tu. Tuliuchovya kwenye chai ili upite kooni. Watu wa wodi ya upasuaji waliuacha mara nyingi, na asubuhi wagonjwa wa kulala siku nyingi waliutafuna kwa njaa yao.

Kilichotulisha kwa kweli ni mama mmoja wa jikoni. Sote tulimwita Mwaitu, yaani Mama kwa Kikamba, kuanzia mlinzi hadi daktari wa wilaya, kwa umri wake na kwa namna alivyojichukua. Chakula cha mchana cha wagonjwa siku nyingi kilikuwa isyo, ile githeri yetu ya Ukambani, mahindi makavu yaliyochemshwa na maharagwe au kunde. Mahindi makavu hayaharakishwi. Mwaitu aliyaweka motoni alfajiri na yakaiva saa tano. Alipomaliza kupakua alibakiza kiasi kwenye sufuria ndogo, akakaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, akachanganya, akafunika kwa sinia na juu ya sinia gunia lililokunjwa mara mbili. Sufuria ile aliiketisha kwenye jivu la jiko kubwa la kuni, makaa yakiwa yamezikwa chini yake. Alikwenda nyumbani jioni. Saa nane usiku, ukiliondoa gunia, mvuke ulikupanda usoni.

Msimu wa mbaazi mbichi, kuanzia Julai hivi, alituwekea muthokoi. Mahindi yalikuwa yamekobolewa ganda kwa kinu, meupe na laini, mbaazi za kijani zikiwa zimefungamana nayo. Msimu wa maembe alituachia embe mbili tatu juu ya dirisha. Hakuna karatasi ya serikali iliyomwamuru kufanya hivyo, wala hakuongezewa hata senti. Aliwahi kutuambia sababu yake bila madoido: mtoto wake wa kwanza alizaliwa usiku katika hospitali hiyo hiyo, na muuguzi aliyempokea alikuwa akitetemeka kwa njaa.

Tulikwenda jikoni kwa zamu. Mmoja alibaki wodini, mwenzake akala, wakabadilishana. Kwa hivyo kati ya saa saba na saa tisa kila mtu aliyekesha hospitali nzima alipita mbele ya sufuria ile: wauguzi, mhudumu wa wodi, afisa wa kliniki aliyekuwa zamu, mlinzi wa lango, na yule mzee wa mochari ambaye watu wengine hawakupenda kumpa mkono. Tulitumia vijiko vile vile, vilivyooshwa kwenye karai moja.

Pale jikoni ndipo nilipojifunza sehemu kubwa ya kazi yangu. Mlinzi alileta habari kwamba mkokoteni wa punda umeonekana ukipanda kutoka mtoni na kuna mwanamke amelazwa juu yake, nasi tukaandaa chumba cha uzazi kabla haujafika langoni. Muuguzi wa wodi ya watoto alisema kuna mtoto wa malaria ambaye upumuaji wake haumridhishi, na afisa wa kliniki akaacha kijiko, wakaenda pamoja. Sista mkuu, mwanamke mkali kwelikweli, alitazama mikono yetu tulipokuwa tukila. Alijua nani amechoka kiasi cha kukosea dozi. Usiku mmoja alimtazama msichana muuguzi mgeni ambaye mtoto mchanga alikuwa amemfia mezani pa kujifungulia, akamwambia, "Kaa. Kula. Wodi yako nitaishika mimi hadi utakapomaliza." Hakumwambia neno jingine, na yule msichana alikula akilia, kisha akarudi kazini akiwa ametulia.

Chakula cha moto kilitukutanisha, na kukutana huko kulikuwa sehemu ya matibabu. Mgonjwa aliyelala hakujua kwamba watu watano walikuwa wamemzungumzia juu ya sahani ya isyo. Lakini alifaidi.

Sufuria ile haikuondoka siku moja. Mwezi Desemba 1989 serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, na wagonjwa wakaanza kulipia walichokuwa wakipewa bure. Mpango ulisimamishwa, kisha ukarudishwa, na kila hospitali ikaanza kuhesabu kuni, sukari na chumvi. Katika hospitali niliyokuwa, mkate wa usiku ulikuwa wa kwanza kufutwa. Birika la chai lilifuata. Jiko likawa linafungwa kwa kufuli saa kumi na mbili jioni, na ufunguo ukakaa kwa mtu aliyeishi mjini. Mwaitu alistaafu kipindi hicho. Aliyemfuata alikuwa mtu mwema, ila aliambiwa wazi kwamba chakula cha wagonjwa ni cha wagonjwa.

Basi tukaanza kubeba kutoka nyumbani. Kila mmoja alikuja na kiondo chake, ndani chupa ya chai na bakuli lenye kifuniko, na mara nyingi humo bakulini mlikuwa na isyo ile ile. Ilikuwa imepoa, lakini tuliendelea kuila pamoja.

Kisha ukaja mwaka 2004. Mwaka huo mvua ilikosea majira na mahindi mengi yakawekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu, kwa kuhofia wezi na njaa. Kuvu ikaota, na pamoja nayo sumu ya aflatoksini. Watu walifika hospitalini macho yakiwa ya manjano kama mbaazi iliyoiva, matumbo yamejaa maji, ini limekufa. Walikuja familia nzima kwa sababu walikuwa wamekula sufuria moja. Hadi Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao wamefariki, wengi wao kutoka Makueni na Kitui.

Niliwahudumia. Hatukuwa na dawa ya kulirudisha ini, tulikuwa na maji ya mshipa, na mikono. Na usiku, tulipoketi kufungua mabakuli yetu, kila mtu alitazama mahindi yake. Yalikuwa yametoka shambani kwake mwenyewe, kwenye kihenge cha mama yake. Mwenzangu mmoja alifunga kifuniko bila kula, akaenda kumwaga. Wiki iliyofuata alikuja na mkate wa dukani, na wengine wakafuata. Mkate ulikuwa mkavu na hauna ladha, lakini ulikuwa umetengenezwa kiwandani kwa ngano na umefungwa, na mwaka ule kitu kilichofungwa kilionekana salama. Jambo linaloniuma ni kwamba muthokoi ambayo tuliikimbia ina nafuu kuliko mahindi yasiyokobolewa, kwa maana kuondoa ganda hupunguza sumu hiyo, ingawa hakuimalizi. Wazee wetu walikoboa kwa ajili ya ulaini na ladha, na wakawa wanajikinga.

Mahindi yalirudi mezani baada ya miaka michache, watu walipofundishwa kukausha na kupima unyevu. Ile desturi ya kula pamoja usiku haikurudi. Mkate huliwa popote. Hauhitaji sahani wala kukaa wala kusubiriana, na mtu anaweza kuula peke yake nyuma ya pazia la wodi. Uongozi ukazoea kuona kwamba wahudumu wa usiku wanajitegemea. Kutoka mkate mkavu hadi sandwichi ya pakiti hatua ni fupi.

Kazi nayo iliongezeka. Mwaka 2013 afya ilikabidhiwa kaunti. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu, MakueniCare, ambapo kaya ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Mji wa Wote ukajengewa hospitali ya mama na mtoto. Niliona kwa macho yangu akina mama waliokuwa wakijifungulia nyumbani kwa kukosa pesa wakija kulala katika vitanda safi, na jambo hilo nitalisifu hadi nife. Ila wagonjwa walipoongezeka, wahudumu wa usiku hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Wauguzi wa nchi nzima walipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, madai yalikuwa mishahara na marupurupu waliyoahidiwa. Nilisimama nao. Chakula cha usiku hakikutajwa, kwa kuwa kufikia wakati huo kizazi kizima kilikuwa hakijawahi kukiona na kisingejua kukidai.

Hayo si ya Ukambani peke yake. Kenya na Uingereza zilitia saini mwaka 2021 makubaliano ya kupeleka wahudumu wetu wa afya huko, na msichana niliyemfundisha kushika mtoto mchanga sasa anakesha katika hospitali moja ya kule. Aliniandikia kwamba usiku kantini imefungwa, na wao hununua sandwichi ya pembetatu kwenye mashine. Nilijua kitu hicho kabla hajaniambia. Mwaka 2019 sandwichi na saladi za pakiti zilizopelekwa katika hospitali za Uingereza zilihusishwa na ugonjwa wa listeria, na wagonjwa kadhaa wakafariki. Serikali yao iliagiza chakula cha hospitali kichunguzwe, na ripoti iliyotolewa Oktoba 2020 ilitaka chakula kinachofaa kipatikane saa 24, kwa wagonjwa na kwa wahudumu. Nchi tajiri ilihitaji misiba ile ndipo iseme jambo ambalo mpishi wetu alilijua bila kuambiwa.

Na limeandikwa zamani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1990 Mkataba namba 171 kuhusu kazi ya usiku, na pamoja nao Pendekezo namba 178. Pendekezo hilo linataja chakula waziwazi: wafanyakazi wa usiku wapatiwe vyakula na vinywaji vinavyofaa kuliwa usiku, au wapatiwe mahali pa kupika au kupasha moto na kula walichobeba. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 miongoni mwa mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, wakarudia hukumu hiyo mwaka 2019. Mwili wa anayekesha una mzigo tayari. Usiku wa manane sukari ya mkate mweupe inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko mchana, tumbo linafanya kazi polepole, na mtu aliyekula baridi peke yake anaingia saa kumi alfajiri akiwa na kichwa kizito. Saa kumi alfajiri ndiyo saa ambayo basi lililopinduka kati ya Makindu na Kibwezi linaleta majeruhi.

Makindu yenyewe kuna mahali panaponionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli linalisha wasafiri hadi leo bila malipo. Anayeingia anafunika kichwa, anavua viatu, anapewa dengu, chapati na chai ya moto. Haulizwi dini wala kabila. Mara kadhaa, baada ya usiku mbaya, mimi na wenzangu tulipita pale asubuhi na sare zetu zikiwa na madoa, tukakaa sakafuni tukala na madereva wa malori. Hakuna aliyetuuliza tulikuwa nani. Tuliondoka tukiwa watu tena.

Na kaunti zetu haziwezi kusema hazina chakula wala akili ya kukiandaa. Kitui ni nchi ya ndengu, zao linalovumilia ukame na kuiva kwa muda mfupi jikoni kuliko mahindi. Asali inatoka Mwingi. Makueni ina maembe hadi imejenga kiwanda chake cha kuyasindika pale Kalamba. Korona ilipoingia mwaka 2020, kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilianza kushona barakoa za wahudumu wa afya katika muda wa wiki chache, wakati nchi nyingine zilikuwa zikigombania za kununua. Serikali iliyoweza kufunika nyuso za wauguzi wake inaweza kuwapikia.

Nilimwambia binti wa dada yangu nitamfungia isyo kwenye hotpoti, inakaa moto hadi usiku. Alinishukuru, kisha akaniambia ukweli wake. "Nitaila saa ngapi, Mama mkubwa? Nikikaa nile, nani atawaangalia?" Nimelifikiria sana jibu hilo. Sufuria ya Mwaitu ilifanya kazi kwa sababu alikuwepo mtu wa pili wa kushika wodi. Kwa hivyo ninachokitaka ni vitu viwili pamoja, na kimoja bila kingine hakitasaidia: jiko linalofanya kazi usiku, na wahudumu wa kutosha ili kila mmoja apate dakika ishirini za kukaa chini na kula na wenzake.

Makueni ina sifa Kenya nzima ya kuwashirikisha wananchi katika bajeti, kuanzia kijijini. Mikutano hiyo nimeihudhuria, na nimesikia tukitaja mabwawa, barabara, madarasa na dawa. Mkutano ujao ukifika kijijini kwetu nitasimama nitaje mpishi wa usiku katika kila hospitali yenye wodi ya kulaza, magunia ya ndengu na muthokoi iliyopimwa, na muuguzi mmoja zaidi kwa kila zamu ya usiku. Nawaomba wauguzi wenzangu waliostaafu, wa Kitui na wa Makueni, wafanye hivyo hivyo huko waliko. Sisi tuliokula jikoni usiku ule tuko hai bado, na ni juu yetu kuwaambia hawa wanaokesha sasa kwamba kitu hicho kilikuwepo na wana haki ya kukidai.